Aivi ya Ndani Yenye Majani Yanayogeuka Kahawia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dar es Salaam

Maswali haya ni yale ambayo wapenda maua wa jijini hurudia kuuliza, hasa kati ya Desemba na Machi, na tena mvua za masika zinapokuwa zimekolea. Jibu linapotegemea jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa huko. Asiye na muda wa kusoma yote aanze na swali la mahali ambapo ukahawia unaanzia, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine.

## Kuutambua mmea na mahitaji yake

Nitajuaje kwamba mmea wangu ni aivi kweli?

Tazama jani. Aivi halisi, ambayo jina lake la kitaalamu ni Hedera helix, ina majani yenye ncha tatu hadi tano yaliyokaa mfano wa kiganja kilichofunguliwa, na kwenye shina lake huota vijizizi vidogo ambavyo mmea hutumia kushikilia ukuta au gome la mti. Mmea mwingine ambao watu wengi jijini huuita aivi ni pothosi, wenye majani ya umbo la moyo, manene kidogo, mara nyingi yenye michirizi ya manjano au nyeupe. Hiyo si aivi. Pothosi ni mmea wa visiwa vya joto vya bahari ya Pasifiki na hulivumilia joto la Dar es Salaam bila shida, ilhali aivi asili yake ni Ulaya na Asia ya Magharibi.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Ushauri wa maji, joto na mwanga unaofuata hapa ni wa aivi halisi, na mwenye pothosi akiufuata neno kwa neno atajisumbua bure.

Kwa nini aivi isumbuke hapa wakati picha zake huonyesha ikifunika kuta nzima?

Kuta hizo ziko katika nchi za baridi. Aivi hustawi vizuri zaidi kwenye nyuzi joto 10 hadi 21, na joto likizidi nyuzi 27 kwa muda mrefu ukuaji wake huzorota. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi mchana huwa kwenye nyuzi 31 au zaidi, na usiku mara nyingi haushuki chini ya 24. Joto la usiku ndilo linaloudhoofisha zaidi. Mmea hutengeneza sukari mchana kwa msaada wa jua, kisha huitumia usiku kupumua na kujijenga. Usiku ukiwa wa joto, sukari hiyo huteketea kwa kasi na hakibaki cha kutosha kukuzia majani na mizizi mipya.

Kuanzia Juni hadi Septemba hali hubadilika. Usiku hushuka hadi karibu na nyuzi 19 au 20, na aivi iliyokuwa imedumaa huanza kutoa machipukizi. Mwenye kulielewa jambo hili ataacha kuulazimisha mmea ukue mwezi wa Februari. Lengo la kiangazi ni kuuvusha ukiwa hai tu.

Jani lililokwisha kuwa kahawia litarudi kuwa kijani?

Halitarudi. Sehemu ya kahawia imekwisha kufa, na hakuna maji wala mbolea itakayoifufua. Kama ni ncha tu iliyokauka, jani bado linaufanyia mmea kazi na linaweza kuachwa. Kama zaidi ya nusu imekufa, likate kwa mkasi safi. Dalili ya kupona itafute kwenye majani mapya: yakitoka yakiwa safi na kubaki hivyo kwa wiki tatu au nne, tatizo limeisha.

## Kulisoma jani

Niangalie nini kwanza kabla ya kufanya lolote?

Angalia mahali ambapo ukahawia unaanzia. Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa muhimu kuliko mengine yote, kwa sababu karibu kila anayeona jani limekauka hukimbilia kumwagilia, na katika jiji hili maji hayo ya huruma ndiyo yanayoimaliza mimea mingi.

Ukahawia ukianzia kwenye kingo na ncha za jani, ukiwa mkavu na unaovunjika kwa vidole, shaka ya kwanza iwe chumvi, upepo mkavu wa kiyoyozi, au udongo uliokauka kupita kiasi. Ukianza kama madoa yaliyotawanyika katikati ya jani, hasa yaliyozungukwa na mduara wa manjano, huo ni ugonjwa. Jani likififia kwa vijidoa vidogo mno mfano wa vumbi, kisha likageuka rangi ya shaba, geuza upande wa chini utafute utitiri. Kipande kikubwa kilichoungua upande mmoja tu, ule unaoelekea dirishani, ni jua. Majani mengi yakigeuka manjano kisha kahawia kwa pamoja huku udongo ukiwa na unyevu, basi mizizi inaoza.

Majani mawili matatu ya chini kabisa, yale yaliyozeeka, yakikauka moja baada ya jingine kwa muda mrefu bila mengine kuguswa, hilo ni jambo la kawaida na halihitaji tiba.

Inawezekanaje maji mengi na maji machache yalete dalili zinazofanana?

Kwa sababu katika hali zote mbili maji hayafiki kwenye jani. Udongo mkavu hauna maji ya kutoa; udongo uliojaa maji umezinyima mizizi hewa, mizizi imeoza, na mizizi iliyooza hainywi. Jani hukauka likiwa limesimama juu ya chungu kilichojaa maji.

Kutofautisha si kazi ngumu. Inua chungu: chepesi ni kikavu, kizito bado kina maji. Nusa udongo: ukitoa harufu ya tope lililovunda, kuna kuoza. Ukibaki na shaka, uchomoe mmea taratibu utazame mizizi. Mizizi mizima ni myeupe au ya krimu na ni migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia iliyoiva, laini, na ganda lake huchomoka ukilivuta na kuacha uzi mwembamba.

## Maji

Nimwagilie kila baada ya siku ngapi?

Kuhesabu siku ndiko kunakopoteza watu. Chungu hicho hicho kinaweza kukauka kwa siku mbili karibu na dirisha lenye upepo wa kaskazi mwezi wa Januari, na kikachukua siku kumi wakati wa masika hewa inapokuwa na unyevunyevu. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha kwanza, yaani sentimita mbili hadi tatu. Ukihisi ubaridi na unyevu, acha. Ukihisi ukavu, mwagilia polepole mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha yaache yachuruzike yote.

Aivi yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa Februari kwa sababu nilikuwa nikiimwagilia kila jioni, nikiamini kwamba kwa kuwa mimi nina kiu nayo ina kiu. Joto lilikuwa limeufanya mmea usimame, haukuwa ukinywa, na kila jioni nilikuwa nikiongeza maji juu ya maji. Tangu hapo huingiza kidole kwanza.

Maji ya bomba na maji ya kisima, yapi yanafaa?

Maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu yanafaa. Watu wengi huhofia klorini, lakini kwa kiwango kinachowekwa kwenye maji ya kunywa ni nadra kuwa chanzo cha kingo za kahawia.

Maji ya kisima yanahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa visima vingi vya jijini, hasa vya karibu na pwani, vina chumvi, na uvutaji wa maji mengi chini ya ardhi huruhusu maji ya bahari kusogea ndani zaidi. Chumvi hubaki kwenye udongo kila maji yanapokauka, hujikusanya, na hatimaye huzuia mizizi isivute maji. Jani huungua kuanzia ncha. Maji ambayo wenyeji wa mtaa huyaita ya chumvi, ambayo sabuni haitoi povu upesi, usiyatumie kwenye aivi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye kuta za nje za chungu cha udongo wa kufinyanga, chumvi imekwisha kujaa.

Dawa yake ni kuisafisha. Peleka chungu bafuni au uani, mimina maji baridi yasiyo na chumvi mara mbili hadi tatu ya ujazo wa chungu, polepole, ukiyaacha yatoke yote. Maji ya mvua ni bora zaidi. Wakati wa masika kinga baada ya mvua kuwa imekwisha kuosha paa, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Je, niache maji kwenye kisahani cha chini ili mmea unywe wenyewe?

La. Mizizi ikikaa ndani ya maji huoza, kama ilivyoelezwa hapo juu. Ipo na sababu ya pili, nayo inaihusu nyumba nzima: mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye maji kidogo tu yaliyotuama, na jiji hili limekwisha kupata milipuko ya dengi, ikiwamo ya 2014 na 2019. Mwaga maji ya kisahani nusu saa baada ya kumwagilia, na kisugue mara moja kwa wiki, kwa kuwa mayai ya mbu huyu hunata kwenye kuta za chombo hata kikiwa kikavu.

## Mwanga, joto na kiyoyozi

Dirisha lipi linafaa?

Dirisha la mashariki, linalopata jua la asubuhi hadi kama saa tatu, ndilo ninalolipendekeza. La magharibi ni hatari: jua la saa tisa na saa kumi alasiri hupita kwenye kioo na kuunguza jani kwa siku moja. Kama huna jingine, weka pazia jepesi jeupe, au usogeze mmea mita mbili ndani.

Madirisha ya kaskazini na kusini hubadilishana zamu, jambo ambalo wengi hawalitambui. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri huelekea upande wa kusini, na miezi mingine upande wa kaskazini. Aivi iliyokaa salama kwenye dirisha la kusini mwezi wa Julai inaweza kuungua pale pale mwezi wa Desemba. Aina zenye majani ya kijani na nyeupe huungua upesi zaidi, lakini zikiwekwa gizani mno hupoteza weupe wake.

Kiyoyozi kinausaidia mmea au kinauua?

Vyote viwili, kutegemea umewekwa wapi. Chumba chenye nyuzi 22 hadi 24 usiku ni faraja kubwa kwa aivi katika miezi ya joto, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la pili. Lakini hewa ya kiyoyozi ni kavu, na mmea ukiwekwa mbele ya mkondo wake kingo za majani hukauka na utitiri hupata makao. Uweke chumba kile kile, mbali na mkondo, chini kidogo ya usawa wa mashine.

Feni ya taratibu inayozungusha hewa pembeni ni nzuri, na kwa nyumba isiyo na kiyoyozi ndiyo msaada mkuu. Sakafu ya saruji au marumaru upande usio na jua huwa na ubaridi kuliko rafu ya juu. Wakati wa kiangazi, kushusha chungu sakafuni ni hatua ndogo yenye manufaa ya kweli.

Ninyunyizie majani maji kila siku?

Wakati wa masika usinyunyizie kabisa. Hewa tayari ina unyevu mwingi, na maji yakikaa juu ya jani usiku hufungua njia kwa magonjwa ya madoa. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi unyunyiziaji haudhuru ukifanywa asubuhi, ila athari yake hupotea baada ya muda mfupi. Kuyaosha majani barabara mara moja kwa wiki kuna faida zaidi.

## Wadudu, magonjwa na sumu za nyumbani

Nitajuaje kama ni utitiri, na niuondoe vipi?

Shika karatasi nyeupe chini ya tawi na uligonge mara mbili tatu. Vidoa vinavyodondoka vikianza kutembea, ni utitiri. Ni viumbe wenye miguu minane, jamaa wa buibui, wasiozidi nusu milimita, wanaofyonza utomvu upande wa chini wa jani. Wakizidi huacha utando mwembamba kati ya majani. Katika joto letu hukamilisha kizazi kizima kwa takriban wiki moja, na ndiyo maana mmea uliokuwa mzima Jumapili hii unaweza kuonekana umechakaa baada ya Jumapili mbili.

Funika udongo kwa mfuko wa plastiki, inamisha mmea bafuni, na uoshe upande wa chini wa kila jani kwa maji yenye msukumo. Kisha nyunyizia maji yenye sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kidogo kimoja kwa lita moja, ukianza na majani machache ili kuona kama yanavumilia, na uyasuuze baada ya saa mbili. Mafuta ya mwarobaini nayo yanafaa kwa kipimo hicho hicho pamoja na matone machache ya sabuni ili yachanganyike na maji; yapulizwe jioni, kamwe si juani. Rudia kila baada ya siku nne au tano, angalau mara nne, kwa sababu mayai hayafi kwa urahisi. Kuosha mara moja na kuridhika ndilo kosa linalowarudisha.

Dawa za kawaida za kuua wadudu aghalabu hazisaidii, na baadhi huongeza tatizo kwa kuwaua wadudu wanaokula utitiri. Ukiona badala yake vitu vyeupe mfano wa pamba kwenye vikonyo, hao ni vidung'ata. Wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti.

Madoa yenye mduara wa manjano ni nini?

Mara nyingi ni bakteria wa jamii ya Xanthomonas wanaoshambulia aivi. Doa huanza likiwa kama limelowana, kisha hugeuka kahawia au jeusi na kuzungukwa na umanjano. Kuvu nao huleta madoa, kwa kawaida makavu zaidi na yenye nukta nyeusi ndani yake. Matunzo ni mamoja: kata majani yenye madoa uyatupe nje ya nyumba, futa mkasi kwa spiriti kila baada ya mkato, tenga mmea na mingine, mwagilia udongoni bila kulowesha majani, na uupe nafasi ya kupitisha hewa.

Je, dawa ya mbu ya kupuliza inaweza kuunguza majani?

Inaweza, hasa ikipulizwa karibu. Viyeyusho vilivyomo huunguza jani na kuacha mabaka yasiyo na mpangilio. Toa mmea chumbani kabla ya kupuliza. Vivyo hivyo, usipake majani mafuta ya nazi ili yang'ae. Mafuta huziba matundu ambayo jani hupumulia. Kitambaa chenye maji kinatosha.

## Udongo, chungu na mbolea

Nitumie udongo gani?

Unaopitisha maji upesi. Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ni sehemu mbili za udongo wa bustani wenye mboji, sehemu moja ya mchanga mkavu wa mtoni, na sehemu moja ya pumba za mpunga au usumba wa nazi. Mchanga wa pwani usitumike kwa sababu ya chumvi. Tahadhari hiyo hiyo inahusu usumba: makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa ufukweni kwa miezi kadhaa ili yalainike, na usumba wake umejaa chumvi. Uloweke kwenye maji baridi na kuyabadilisha mara kadhaa kabla ya kuutumia.

Chungu kiwe na matundu, na kisizidi mzunguko wa mizizi kwa zaidi ya sentimita tatu kila upande. Chungu kikubwa mno hushika maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Chungu cha udongo wa kufinyanga hupumua na kubaki na ubaridi kuliko cha plastiki.

Je, majani ya chai yaliyotumika, maji ya mchele au maganda ya mayai yanasaidia?

Kwa aivi ya ndani, hapana. Majani ya chai na maji ya mchele huchacha, huvuta vijinzi na kuushikiza udongo unyevu. Maganda ya mayai huchukua muda mrefu mno kuoza ndani ya chungu kiasi cha kutofaa kitu.

Mbolea itaufufua mmea wenye majani ya kahawia?

Itaumaliza. Mbolea ni chumvi, na mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuihimili. Toa mbolea ya NPK ya kuyeyuka kwenye maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi kuanzia Juni hadi Septemba, kwa mmea unaokua na ambao udongo wake una unyevu.

## Hali za pekee

Nimeinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara, na wiki mbili baadaye imeanza kukauka. Nimekosea nini?

Huenda hukukosea. Mmea uliotoka mahali penye ubaridi na kivuli hupoteza baadhi ya majani unapohamia sebuleni. Usibadilishe chungu wala kuweka mbolea kwa wiki tatu, utenge na mimea mingine, na ufanye kipimo cha karatasi kilichoelezwa kwenye swali la utitiri. Kagua pia kama chungu kina matundu, kwani vingi huuzwa ndani ya vyombo vya mapambo visivyo nayo.

Nasafiri kwenda mkoani mwezi wa Desemba kwa siku kumi. Nifanyeje?

Mwagilia vizuri asubuhi ya safari, acha maji yachuruzike, kisha uweke mahali penye kivuli na mwanga hafifu, bafu lenye dirisha kwa mfano. Usiuache ndani ya beseni la maji. Ukizidisha siku kumi, mwombe jirani aje mara moja, na umwonyeshe kipimo cha kidole kabla hujaondoka. Jirani mwenye moyo mwema asiyeelekezwa atamwagilia kila siku.

Ni salama kwa watoto na paka?

Majani na matunda ya aivi yana sumu yakiliwa, na utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Ning'iniza chungu juu, vaa glovu unapokata, na okota majani yaliyodondoka.

Mmea wote umekuwa kahawia. Umekufa?

Kwangua shina kwa ukucha. Ukikuta kijani chini ya gome, bado kuna uhai. Uchomoe, osha mizizi, kata yote iliyooza, punguza matawi kwa nusu au zaidi ili mizizi iliyobaki isielemewe, na uupande kwenye chungu kidogo chenye udongo mpya. Uweke mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba na usimwagilie mpaka kidole kihisi ukavu. Subiri wiki sita hadi nane.

Sambamba na hilo, chukua vipandikizi. Kata ncha za matawi mazima, sentimita 10 hadi 12 kila moja, ondoa majani ya chini, na uzitie kwenye glasi ya maji safi ukiyabadilisha kila siku tatu. Mizizi huonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Ningemshauri kila mwenye aivi jijini afanye hivi kila mwaka mwezi wa Agosti, mmea ukiwa na nguvu, ili akiba iwe imeshika mizizi kabla ya joto la Desemba. Na akiwa na ndugu Lushoto au Arusha, ampelekee kimojawapo akipande huko kwenye baridi.